Kutumia nadharia za uuguzi kwa mgonjwa mzee: hatua kwa hatua, kutoka kwenye faili hadi kitandani

Wanafunzi wengi wa uuguzi hukariri nadharia kwa majina na miaka, wakafaulu mtihani, kisha wakaziacha mlangoni mwa wodi. Si uvivu. Hawakuonyeshwa nadharia inabadilisha nini mikononi mwao. Kwa mgonjwa mzee hasara ya jambo hili ni kubwa, kwa sababu mzee aliyelazwa hupoteza uwezo haraka, na mara nyingi hupoteza si kwa ugonjwa peke yake bali kwa kufanyiwa kila kitu na watu wenye nia njema. Nadharia ikitumika vizuri inakulazimisha kuuliza swali ambalo usingeliuliza. Hilo ndilo tutakaloliangalia hapa: nadharia gani, swali gani, na kazi gani inafuata.

Tutatumia mgonjwa mmoja wa mfano. Ni bibi wa miaka 78, siku ya pili baada ya upasuaji wa nyonga iliyovunjika alipoanguka. Ana shinikizo la juu la damu na anatumia dawa ya kuongeza mkojo. Husikia kwa shida, huvaa miwani, na kabla ya kuanguka aliishi peke yake akijipikia na kujifulia. Sasa amelala chali, ana katheta (mrija wa kutoa mkojo kibofuni), anakula nusu sahani, usiku uliopita alimwita muuguzi kwa jina la dada yake, na binti yake anamlisha kwa kijiko.

Hatua ya 1: Chagua nadharia moja iwe uti wa mgongo

Kosa linalojirudia katika mipango ya huduma ni kutaja nadharia tano kwa mgonjwa mmoja. Kila nadharia ina ramani yake. Ukizichanganya zote utakusanya taarifa zilezile mara tano kwa majina tofauti, na mwisho kazi zako zitabaki zilezile ambazo ungezifanya bila nadharia yoyote. Chagua moja kwa kuangalia pengo kubwa la mgonjwa lilipo.

Mzee ambaye hawezi tena kujifanyia aliyokuwa akijifanyia anaangukia kwa Dorothea Orem na nadharia yake ya upungufu wa kujihudumia (1971). Mzee ambaye mwili unapona lakini maisha yamegeuka, amefiwa na mwenzi au amekatwa mguu, anaeleweka vizuri kwa Callista Roy, aliyemtazama binadamu kama kiumbe anayejirekebisha kulingana na mabadiliko (1970). Asiyemwamini mtu na anayekataa dawa anahitaji kwanza Hildegard Peplau, aliyeweka uhusiano wa muuguzi na mgonjwa katikati ya kazi yote (1952). Aliye mwishoni mwa maisha anafaa nadharia ya faraja ya Katharine Kolcaba: kuondolewa adha, kupata utulivu, na kuinuka juu ya mateso hata pale yasipokwisha. Mzee ambaye bado ni mzima nyumbani lakini amezungukwa na hatari, Betty Neuman na ngazi zake tatu za kinga (kuzuia tatizo, kulitibu mapema, na kuzuia lisirudi) anatosha.

Bibi yetu ni wa Orem bila shaka. Nadharia nyingine tutaziazima pale Orem anapoishiwa maneno, na kila tukiazima tutajua kwa nini.

Hatua ya 2: Fungua njia ya kuzungumza

Peplau aligawa uhusiano katika vipindi, na cha kwanza ni kufahamiana. Kwa mzee kipindi hiki kina vifaa vyake. Mvalishe miwani, baada ya kuisafisha. Weka kifaa cha kusikilizia sikioni na uhakikishe betri inafanya kazi. Kama ana meno ya bandia, mvalishe kabla ya mahojiano, kwa sababu asiye na meno huongea kidogo kwa aibu.

Kisha kaa, uso wako uwe usawa wa uso wake na mwanga ukuangukie wewe, asilazimike kutazama dirisha nyuma yako. Usipige kelele. Uzeeni sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza, na mtu anayepaza sauti huifanya iwe nyembamba zaidi. Shusha sauti, sema polepole, swali moja kwa wakati. Ukishauliza, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kurudia. Mzee mwenye akili timamu anaweza kuandikwa "hajibu" kwa sababu tu muuguzi hakungoja.

Muulize anapenda kuitwa nani, na jina hilo liandikwe mahali kila zamu italiona. Mwulize yeye kwanza, ndugu baadaye. Binti akijibu kwa niaba yake, mshukuru, kisha rudisha swali kwa mama.

Hatua ya 3: Linganisha jana na leo

Hapa Orem anaanza kazi. Anauliza mambo mawili: mtu huyu anahitaji kufanyiwa nini, na ana uwezo gani wa kujifanyia? Tofauti kati ya hayo mawili ndiyo upungufu, na upungufu peke yake ndio unaompa muuguzi kazi.

Tumia kipimo cha Katz cha kujitegemea, chenye shughuli sita, alama 1 kwa kila anayoifanya bila msaada: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Chora safu mbili. Ya kwanza ni wiki mbili kabla ya kuanguka, ya pili ni leo. Safu ya kwanza ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo inayoweka lengo. Bibi alipata 6 kati ya 6 kabla ya kuanguka na leo anapata 0. Bila safu ya kwanza mtu ataona "mzee asiyejiweza" na kupanga huduma ya mtu asiyejiweza daima.

Sasa azima kwa Virginia Henderson. Alisema muuguzi humfanyia mgonjwa yale ambayo angejifanyia mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au ujuzi unaohitajika. Chukua kila shughuli yenye sifuri na uulize ni kipi kati ya hivyo vitatu kimepungua, kwa sababu kila kimoja kina tiba yake:

- Kula: mikono yake ina nguvu ya kutosha kushika kijiko. Amelala chali na sahani haioni. Kinachokosekana ni mkao, na binti ameziba pengo kwa kumlisha.
- Kuhama kitandani: nguvu zimepungua kwa maumivu, na nia imepungua kwa hofu ya kuanguka tena.
- Kwenda chooni: anahitaji fremu ya kutembelea, na hajawahi kuitumia. Huo ni upungufu wa ujuzi, na kumtia moyo hakutausaidia. Anahitaji kufundishwa.
- Kuzuia haja: hatujui, kwa kuwa katheta imeificha.

Pengo la nia ukilitibu kama pengo la nguvu, utambeba mtu anayeweza kutembea. Kinyume chake ni kibaya zaidi: kumhimiza "jitahidi, bibi" mtu ambaye shinikizo lake la damu linaporomoka kila akisimama.

Hatua ya 4: Pima vinavyomzuia

Kabla ya kumuinua, pima vitu vinne.

*Maumivu.* Muulize akiwa anasogea, si akiwa ametulia. Wazee wengi hawasemi "maumivu", husema "nasikia uzito" au "panawaka", kwa hiyo fuata neno lake. Asiyeweza kujieleza kwa ugonjwa wa kusahau apimwe kwa PAINAD: kupumua, sauti, uso, mwili, na kama anatulizika, jumla 0 hadi 10. Angalia pia dawa imeandikwaje. Ikiwa imeandikwa "akihitaji", mzee aliyechanganyikiwa hataihitaji kamwe, kwa sababu hataiomba. Zungumza na daktari itolewe kwa saa maalumu.

*Shinikizo la damu la kulala na kusimama.* Alale dakika 5, pima. Asimame, pima dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, yupo kwenye hatari ya kuanguka. Kama hawezi kusimama, pima akiwa ameketi miguu ikining'inia, na uandike kwamba hakusimama. Kwa anayetumia dawa ya kuongeza mkojo kipimo hiki si cha hiari.

*Umakini.* Kumwita muuguzi kwa jina la dada si "uzee". Kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla na kunakopanda na kushuka ndani ya siku ni dharura ya kitabibu hadi ithibitike vinginevyo. Kipimo cha 4AT huchukua dakika chache: uchangamfu wake, maswali manne (umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo, mwaka), kutaja miezi kinyumenyume kuanzia Desemba, na kama hali imebadilika ghafla. Jumla ya 4 au zaidi, mwite daktari. Kisha tafuta chanzo: maumivu, kukosa maji, choo kilichofungana, mkojo uliobaki kibofuni, dawa mpya, oksijeni kidogo, maambukizi. Usingoje homa, kwa mzee nimonia inaweza kuja bila homa na dalili ya kwanza ikawa huku kuchanganyikiwa. Na mwangalie kwa makini zaidi yule aliyenyamaza na kulala mchana kutwa. Huyo hasumbui mtu, ndiyo maana hupitwa.

*Ngozi.* Kipimo cha Braden, cha hatari ya vidonda vya kulala, kina alama 6 hadi 23. 18 kushuka chini ni hatari. Kagua visigino na mfupa wa chini ya mgongo. Wekundu usiofifia ukibonyezwa ni kidonda kilichoanza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huwa hauonekani, hivyo gusa: pana joto au ubaridi kuliko pembeni, pamekuwa pagumu au laini mno, au panauma.

Hatua ya 5: Andika utambuzi na malengo

Utambuzi wa kiuguzi una sehemu tatu: tatizo, chanzo, ushahidi. Nadharia yako inaishi kwenye chanzo.

Mfano: *Upungufu wa kujihudumia katika kuhama kutoka kitandani, kutokana na maumivu ya nyonga na hofu ya kuanguka, unaodhihirika kwa kukataa kuketi mara mbili na maumivu ya 7 kati ya 10 anaposogea.*

Ukiandika "kutokana na uzee" au "kutokana na kuvunjika nyonga", umejifungia njia, kwa sababu muuguzi hawezi kuondoa uzee wala kuunga mfupa. Maumivu na hofu anaviweza.

Lengo liwe tendo la mgonjwa, lenye kipimo na muda. "Kumgeuza kila saa 2" si lengo, ni kazi yako. Malengo ya bibi: ndani ya saa 24 ataketi kitini dakika 30 mara mbili, na atakula mlo mmoja kwa mkono wake. Ndani ya saa 72 atatembea mita 5 kwa fremu akisindikizwa na mtu mmoja. Mwambie malengo hayo na umuulize kama anayataka. Pengine atasema la kwake ni kwenda chooni mwenyewe. Basi hilo ndilo liwe la kwanza, na hizo mita 5 ziwe njia ya kulifikia.

Hatua ya 6: Gawa kazi, shughuli kwa shughuli

Hapa ndipo Orem anapofaa kuliko wote, na ndipo anapotumiwa vibaya kuliko wote. Alitaja mifumo mitatu: muuguzi hufanya yote, muuguzi na mgonjwa hugawana, au mgonjwa hufanya yote huku muuguzi akifundisha na kumtia moyo. Kosa ni kumpa mgonjwa mzima mfumo mmoja: "bibi yuko kwenye kufanyiwa yote". Mfumo haupewi mtu, hupewa shughuli, na hubadilika, pengine asubuhi na jioni ya siku hiyohiyo.

Kwa bibi siku ya pili, kidonda cha upasuaji na kuzuia damu kuganda ni kazi ya muuguzi yote. Visigino pia: weka mto chini ya mashavu ya miguu, visigino vielee hewani, na mgeuze kila saa 2 kwa mwinamo wa nyuzi 30, si ubavu mzima. Kichwa cha kitanda kikiinuliwa kupita nyuzi 30 kwa muda mrefu anateleza na ngozi ya makalio inavutwa, kwa hiyo kiinue wakati wa mlo kisha ukishushe baada ya kama nusu saa.

Kuoga ni kwa kugawana. Mketishe, weka beseni mbele yake, mpe kitambaa mkononi, naye aoshe uso, mikono na kifua. Wewe osha mgongo na miguu. Itachukua dakika 20 mahali ambapo wewe peke yako ungetumia 7. Tofauti hiyo ni mazoezi yake ya siku, na mpango wa zamu uihesabu hivyo. Wodi zinazookoa dakika hizo huzilipa baadaye kwa mgonjwa asiyeweza kuruhusiwa.

Kula ni kwa kuandaa tu. Aketi wima, ikiwezekana kitini, meza ifike kiunoni. Fungua vifuniko, kata vipande, mwambie kilicho kulia na kilicho kushoto, kisha mwachie kijiko. Weka kinywaji mkononi mwake kila unapopita. Lengo la vinywaji kwa mwanamke mzee ni kama lita 1.6 kwa siku, kwa mwanamume lita 2, isipokuwa daktari ameweka kikomo kwa sababu ya moyo au figo. Wazee hupunguza kunywa ili wasiombe kupelekwa chooni. Ukiona glasi imejaa saa nne asubuhi, usiulize kiu, uliza kuhusu choo.

Choo, basi. Katheta iondolewe mapema iwezekanavyo. Muulize daktari kila siku kama bado ina sababu, maana kila siku inayoongezeka huongeza hatari ya maambukizi. Ikitoka, mpeleke chooni kila saa 2 hadi 3 akiwa macho, na hakikisha kibofu kinatoa mkojo wote. Dawa ya kuongeza mkojo inywewe asubuhi, daktari akiafiki, asiamke mara nyingi usiku. Usimvalishe nepi mtu anayeweza kuzuia haja kwa sababu tu wodi ina kazi nyingi. Mwili wake utazoea kutozuia, na kumfunza tena kuzuia ni kazi ya wiki nyingi.

Kusimama na kutembea huanza na dawa ya maumivu ya kumeza dakika 30 hadi 60 kabla. Viatu vilivyofunga kisigino, visivyoteleza. Fremu iwe na urefu wa kufika mkunjo wa kifundo cha mkono anaposimama mikono ikining'inia. Ikiwa ndefu mno mabega hupanda, ikiwa fupi mno huinama mbele na kuanguka. Aketi ukingoni dakika 2 kwanza. Asimame kwa kusukuma kitanda, si kwa kuvuta fremu, kwani fremu itamfuata. Kisha fremu mbele, mguu uliofanyiwa upasuaji, halafu mguu mzima. Kama daktari ameagiza asikunje nyonga kupita nyuzi 90 au asivuke miguu, kiti chake kiwe kirefu na choo kiinuliwe. Mara ya kwanza wawepo wahudumu wawili na kiti nyuma yake. Hofu haiondolewi kwa maneno, huondolewa na mara tatu za kusimama bila kuanguka.

Hatua ya 7: Panga chumba na usiku

Florence Nightingale aliandika kuhusu hewa, mwanga, usafi, joto na kelele mwaka 1859, na mzee aliyechanganyikiwa usiku anamthibitisha hadi leo. Mapazia yafunguliwe asubuhi, mwanga mkali mchana, taa hafifu usiku iliyolenga njia ya chooni. Saa na kalenda mahali anapoona akiwa amelala. Kelele anazozichukia Nightingale ni zile zisizo za lazima: mazungumzo ya kunong'ona karibu na mgonjwa, mlango unaogonga. Kusanya kazi za usiku pamoja ili kumuamsha mara moja badala ya nne. Kengele, miwani na maji viwe upande wa mkono wake wenye nguvu. Kitanda kishushwe. Vizuizi vya pembeni vikiinuliwa vyote kwa aliyechanganyikiwa, hujaribu kuviruka na huanguka kutoka juu zaidi.

Hatua ya 8: Sikiliza kilicho nyuma ya "sitaki"

Ikifika siku ya nne, maumivu yametulia, shinikizo halishuki, na bado hasimami, Orem amefika mwisho wake. Azima kwa Roy. Anagawa vichocheo vitatu: kilicho mbele ya macho, vinavyokizunguka, na vilivyofichika kutokana na imani na mambo yaliyopita. Kwa bibi cha mbele ni nyonga. Kinachozunguka ni wodi ya wageni na kutosikia vizuri. Kilichofichika hutajwa ukikaa tu: pengine anaamini aliyevunjika nyonga harudi tena kutembea, au anahofia akipona watoto watamhamisha nyumbani kwake.

Roy pia anatazama nyanja nne: mwili, jinsi mtu anavyojiona, nafasi yake katika familia, na kutegemeana na wengine. Aliyekuwa mpishi wa nyumba yake sasa analishwa; nyanja tatu kati ya nne zimeguswa kwa kijiko kimoja. Mrudishie nafasi ndogo halisi. Achague nguo, aamue mlo, apigie simu wajukuu. Na binti afundishwe kazi mpya, kwa sababu ukimwambia tu "usimlishe" umemnyang'anya njia yake ya kumpenda mama. Mwonyeshe jinsi ya kumsindikiza chooni, kumpaka mafuta miguuni, kuzungumza naye kuhusu siku na tarehe.

Hatua ya 9: Tathmini na kukabidhi zamu

Kila zamu, rudia Katz na uandike kilichobadilika. "Anaendelea vizuri" haisomeki. Andika hivi: "Alikula chakula cha mchana mwenyewe, robo tatu ya sahani, akiwa kitini dakika 40. Alisimama mara 2 na mhudumu mmoja. Shinikizo lilishuka kutoka 138/80 hadi 124/74 dakika ya 3. 4AT 1." Kabidhi pia mfumo wa kila shughuli: kuoga kugawana, kula kuandaa, kutembea kusindikizwa. Usipokabidhi, zamu ya usiku itarudi kumfanyia yote, na asubuhi utamkuta mahali ulipoanzia.

Lengo lisipofikiwa, usisogeze tarehe kwanza. Rudi kwenye chanzo ulichoandika, maana huenda ulisema nguvu kumbe ni ujuzi.

Kabla ya kuruhusiwa, shughuli zote ziwe zimehamia kwake au zina jina la mtu wa nyumbani atakayezifanya. Mwombe akuonyeshe: asimame na fremu, apange dawa za siku moja kwa mkono wake, aeleze atafanya nini akisikia kizunguzungu. Asipoweza kuonyesha, hajafundishwa bado, hata kama fomu ya mafunzo imesainiwa.